Porsche ya milango minne: nani alikuwa sahihi, washabiki au wenye hela?



Kila kampuni ya magari ya spoti ikitoa gari la milango minne, kelele zinakuwa zile zile. Wameuza jina. Wamelewa hela. Mzee aliyeanzisha kampuni angefufuka leo angelia machozi. Lamborghini walipotoa Urus mwaka 2017 tulizisikia, Ferrari walipotoa Purosangue mwaka 2022 tukazisikia tena. Lakini kelele mama, ambayo hizo nyingine ni watoto wake, ilipigwa mwaka 2009 siku Porsche walipoifunua Panamera. Leo nataka turudi kwenye ile kesi, maana naona watu wengi wanaisoma hukumu nusu.

Nusu yenyewe ni hii: washabiki walitukana, kampuni ikapiga hela, kesi imefungwa, washabiki hawajui kitu. Mwenzenu naona bado kuna ukurasa wa pili, na umeandikwa miaka hii ya karibuni tu.

Twende taratibu.

SHANGHAI, GHOROFA YA 94

Tarehe 19 Aprili 2009, dunia nzima iko kwenye msukosuko wa fedha. Benki ya Lehman Brothers imeanguka miezi saba tu nyuma, na General Motors ya Marekani iko njiani kwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, jambo lililotokea Juni mwaka huo huo. Katika hali hiyo ndipo Porsche wanaamua kuonyesha gari jipya la kitajiri lenye injini ya V8. Na hawakulionyesha Frankfurt wala Geneva. Walikwenda China, wakalisimamisha gari wima ndani ya lifti, wakalipandisha hadi ghorofa ya 94 ya jengo la Shanghai World Financial Center, wakalifunulia huko juu.

Picha zikasambaa. Moto ukawaka.

Kelele za kwanza zilikuwa za sura tu. Mbele watu hawakuwa na neno, ni Porsche kabisa. Shida ilikuwa nyuma. Paa lilikuwa linashuka kama la 911 lakini kwa kuchelewa, gari likaonekana kama lina nundu. Wengine wakasema ni 911 iliyovutwa na trekta. Jeremy Clarkson wa Top Gear, mtu asiyejua kuficha lake la moyoni, alisema wazi kwamba gari ni baya wa sura, na hakuwa peke yake.

Kelele za pili zilikuwa nzito zaidi. Porsche kwa washabiki wake maana yake ni 911: milango miwili, injini bapa ya silinda sita iliyokaa nyuma kabisa, tangu mwaka 1963. (Kwanza iliitwa 901, Peugeot wakalalamika kwamba namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati ni mali yao, ndiyo ikawa 911. Peugeot hao hao ndio waliokuja kuibania tena kwenye Safari Rally ya 1978, Vic Preston Jr akaishia nafasi ya pili na 911 SC nyuma ya Peugeot 504. Hayo tuyaache, wazee wa Nairobi wanayasimulia vizuri kuliko mimi.) Sasa unamchukua mtu aliyelelewa na imani hiyo unampa gari lenye injini mbele, viti vinne vya kifalme, urefu karibu mita 5 na upana wa mita 1.93, halafu unamwambia nayo ni Porsche. Lazima avimbe.

Na hii ilikuwa mara ya pili ndani ya miaka saba. Mwaka 2002 walikuwa wameshatoa Cayenne, ile ya kimo cha Land Cruiser, na washabiki walikuwa hawajamaliza kununa.

MZEE ANGELIA KWELI?

Hapa nitawabishia kidogo washabiki. Hoja ya kwamba gari la watu wanne ni usaliti wa mwanzilishi haina miguu. Ferry Porsche mwenyewe, aliyeipa kampuni gari lake la kwanza la spoti, alipotimiza miaka 75 mwaka 1984 alipewa zawadi na kampuni: Porsche 928 iliyorefushwa ili watu wakae vizuri nyuma. Mzee hakulia. Huko Marekani mwaka 1967 muuza Porsche mmoja wa Texas aliagiza 911 ikatwe, irefushwe na kuwekwa milango minne kwa ajili ya mkewe. Ndani ya kampuni napo, mwishoni mwa miaka ya 1980, walikuwa na mradi kabisa wa gari la milango minne, uliitwa 989. Ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu moja tu, hela iliisha.

Ilipoisha iliisha kweli. Mwaka wa fedha 1992/93 Porsche waliuza magari kama elfu 14 tu duniani kote. Kampuni ilikuwa taabani, minong'ono ya kununuliwa imejaa. Wendelin Wiedeking akashika usukani, akaleta wataalamu wa Kijapani waliofunzwa kwa mtindo wa Toyota waje wawafundishe Wajerumani kuunda magari bila kupoteza muda na vipuri. Ikaja Boxster 1996, ikaja Cayenne 2002, kampuni ikafufuka. Kwa hiyo washabiki waliponuna mwaka 2009 walikuwa wananunia mkono uliowalisha. Bila hela za Cayenne sidhani kama leo tungekuwa na 911 ya kubishania.

Lakini washabiki nao wana kesi yao waliyoshinda, na hiyo lazima tuiseme. Mwaka 1977 Porsche walitoa hiyo 928, injini ya V8 mbele, ya kisasa, tulivu, na mpango ulikuwa ije ichukue nafasi ya 911. Ikapewa hadi tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Ulaya 1978. Wanunuzi wa 911 wakagoma. Mwaka 1981 akaja bosi mpya, Peter Schutz, na kisa alichokuwa akikisimulia ni kwamba alikuta ofisini kwa mkuu wa uhandisi chati ukutani, mstari wa 911 umekatwa palepale 1981. Akachukua kalamu, akauendeleza mstari hadi ukatoka nje ya chati, ukaendelea ukutani. 928 ilikufa mwaka 1995. 911 bado ipo.

Sasa kwa nini walishinda 1981 wakashindwa 2009? Hapo ndipo penye kiini.

Kwenye 928 aliyekuwa anapiga kelele ndiye huyo huyo aliyetakiwa kulipa. Kampuni ilikuwa inamnyang'anya gari lake na kumuuzia lingine. Akikataa, hakuna mwingine wa kununua. Kwenye Panamera hakunyang'anywa kitu, 911 yake ipo palepale Zuffenhausen inaundwa. Panamera iliundwa kiwanda kingine, Leipzig, kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, ambaye hakuwa hata na muda wa kubishana kuhusu injini ikae wapi.

MTU MWENYEWE NI NANI?

Angalia waliifunulia wapi. Mwaka 2009 China iliipita Marekani ikawa soko kubwa kuliko yote la magari duniani. Tajiri wa Shanghai wa wakati ule mara nyingi haendeshi, ana dereva, yeye anakaa nyuma. Ndiyo maana ya ile nundu! Wale jamaa waliochekwa kwa kuliweka paa juu walikuwa wanahesabu kichwa cha mtu mzima aliyekaa siti ya nyuma. Mshabiki anaangalia picha ya gari kwa ubavuni, mnunuzi anafungua mlango wa nyuma anaingia. Kila mmoja anaona gari tofauti.

Na hawakuishia kwenye paa. China ilikuwa imepandisha kodi ya magari yenye injini kubwa Septemba 2008, ya zaidi ya lita 4 ikafika asilimia 40, wakati ya kati ya lita 3 na 4 ilikuwa asilimia 25. Panamera ya kwanza ilikuwa na V8 ya lita 4.8, yaani inaangukia kwenye kodi nzito kabisa. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2010, Porsche wakaleta Panamera ya V6 ya lita 3.6. Waliionyesha wapi kwa mara ya kwanza? Beijing. Mwaka 2013 wakatoa ile ndefu zaidi, wameongeza sentimita 15 kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ili bosi anyooshe miguu. Wakarudi kuionyesha Shanghai. Huyo ndiye waliyekuwa wanaongea naye muda wote, washabiki wa Ulaya na Marekani walikuwa wanasikiliza mazungumzo ya watu wengine dirishani.

Wabishi watasema siyo sedani halisi kwa sababu mlango wa nyuma unafunguka pamoja na kioo, kama Starlet. Sawa, nimekubali, tusonge mbele.

Hapo sijagusa uendeshaji, kwa sababu hapo hapakuwa na ubishi mkubwa. Panamera Turbo ya 2009 ilikuwa na nguvu za farasi 500. Walter Röhrl aliizungusha Nürburgring, karibu kilomita 21 za kona tupu, kwa dakika 7 na sekunde 56. Gari la watu wanne na mizigo yao. Wengi waliokuja kuliendesha walikiri linakwenda kama Porsche, wakarudi kulalamikia sura.

ILE NZURI ILIISHIA WAPI?

Kuna jaribio moja zuri sana la kupima kelele za washabiki, na limefanyika lenyewe bila mtu kulipanga. Wakati ule ule wa Panamera, Waingereza wa Aston Martin walitoa gari lao la milango minne, Rapide. Cha kuchekesha ni kwamba bosi wa Aston Martin alikuwa Ulrich Bez, yule yule aliyesimamia mradi wa 989 Porsche kabla haujafa. Jamaa alinyimwa gari lake Stuttgart, akaenda kulitoa Uingereza.

Rapide ilikuwa nzuri, jamani. Sijawahi kusikia mtu akiitukana sura yake. Washabiki waliisifu, wakaiweka picha yake kando ya Panamera wakasema ona, hivi ndivyo ilivyotakiwa. Na kweli, kwa picha Panamera ilikuwa inaaibika.

Sokoni ikawa kinyume. Aston Martin walikodi kiwanda cha Magna Steyr kule Graz, Austria, mpango ukiwa kuunda kama Rapide 2,000 kwa mwaka. Hazikwenda. Mwaka 2011 wakapunguza, mwaka 2012 wakafunga kazi Graz wakarudisha uundaji nyumbani Gaydon. Sababu mojawapo ni ile ile iliyoifanya iwe nzuri: paa lilishuka chini kwa madaha, na mtu mzima akikaa nyuma anakunja shingo na magoti. Ilikuwa gari la milango minne la watu wawili na mabegi.

Porsche walipanga kuuza Panamera 20,000 kwa mwaka. Hadi kizazi cha pili kinatoka mwaka 2016 walikuwa wameshauza zaidi ya 150,000. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya malengo, tena wameanzia kwenye mdororo.

Ila kuna kitu wengi hawakitaji. Hicho kizazi cha pili cha 2016 walikibadilisha wapi? Nyuma! Nundu ikapunguzwa, taa zikaunganishwa kwa mstari mmoja, paa likafanana na la 911 zaidi kuliko awali, huku nafasi ya nyuma ikibaki. Matusi yalisikika, wadau. Yalichukua miaka saba kufika, lakini yalifika. Kwa hiyo ukisema kampuni haikusikiliza washabiki, siyo kweli. Iliwasikiliza kwenye kitu ambacho hakikuigharimu mnunuzi.

UKURASA WA PILI

Wengi wanafunga kitabu hapo. Mwaka 2015 China ikawa soko kubwa kuliko yote la Porsche. Mwaka 2021 waliuza huko magari 95,671. Mwaka 2022 kampuni ikaingia kwenye soko la hisa la Frankfurt kwa mbwembwe zote. Washabiki kimya.

Halafu ona namba zilivyoshuka. Mwaka 2024 China ilinunua Porsche 56,887. Yaani kwa miaka mitatu tu zaidi ya magari elfu 38 yameyeyuka. Biashara ya majumba kule imeyumba, matajiri wamebana matumizi, lakini hiyo ni sehemu tu ya maelezo. Sehemu nyingine ni kwamba yule mnunuzi wa ghorofa ya 94 kapata pengine pa kwenda. Machi 2024 Xiaomi, ndiyo, hao hao wa simu tunazotembea nazo mfukoni, walianza kuuza sedani ya umeme inaitwa SU7. Ukiitazama kwa haraka unaweza kuapa ni Taycan, ile sedani ya umeme ya Porsche. Bei yake ya kuanzia ilikuwa yuan 215,900, sehemu ndogo tu ya bei ya Taycan. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameshakabidhi zaidi ya 130,000. Mwaka 2025 toleo lake kali, SU7 Ultra, likazunguka Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 4, likaipita rekodi ya Taycan yenye kasi kuliko zote. Kwenye uwanja wa nyumbani wa Porsche!

Sasa linganisha mauzo ya dunia nzima ya 2024. Taycan ilitoka 40,629 mwaka 2023 ikaanguka hadi 20,836, karibu nusu. Panamera kutoka 34,020 hadi 29,587, na hapa nikiri ulikuwa mwaka wa kubadilisha toleo, kwa hiyo siyo kosa la China peke yake. Na 911? Ile ya wabishi, ya milango miwili, ya injini nyuma? Ilitoka 50,146 ikapanda hadi 50,941.

Siyo kwamba kila cha milango minne kimeanguka. Cayenne ilipaa mwaka huo ikafika 102,889, na ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba. Lakini zile sedani mbili za chini, ambazo zilimfuata mnunuzi wa kukaa nyuma, ndizo zimepigwa. Nadhani sababu ni hii: aliyenunua Panamera kwa sababu ndiyo ilikuwa gari bora kwa hela yake, siku gari bora kwa hela yake likiwa la Xiaomi ataondoka bila hata kuaga. Hana kinyongo, hana historia, hajawahi kusikia habari za Schutz na kalamu yake. Yule aliyekuwa anatukana mwaka 2009 alikuwa anatukana kwa sababu hana mpango wa kuondoka. Anakuudhi miaka arobaini na bado anaingia foleni kusubiri 911.

Hili washabiki hawakulisema wakati ule, tuwe wakweli. Walisema gari ni baya na halitanunuliwa, wakakosea vibaya. Lakini kule kung'ang'ania kwao, ambako ofisini kulionekana ni usumbufu, ndiko kulikokuja kuonekana kwenye hesabu pale wengine walipoyumba.

Kuna wanaolipia hesabu hizi na wala hawana Panamera. Februari 2025 Porsche walitangaza kupunguza ajira kama 1,900 hadi mwaka 2029 kwenye maeneo ya Zuffenhausen na Weissach. Zuffenhausen ndiko zinakoundwa 911 na Taycan. Fundi aliyefunga injini ya gari ambalo mauzo yake yamepanda anaweza kujikuta nje kwa ajili ya lile ambalo mauzo yake yamekatika kati.

Wapo watakaosema mbona sisi tunajadili magari ambayo hatutayagusa. Wengi wa waliopiga kelele mwaka 2009 nao hawakuwa na uwezo wa kununua hata tairi la spea la Panamera. Mpira tunaushabikia bila kumiliki timu, na wenye timu wanajua thamani ya jezi tunazovaa. Ndiyo maana nauliza kwa nia njema kabisa.

Wadau, mngekuwa ninyi mmekaa kwenye kile kiti cha Wiedeking kabla ya 2009, kampuni ina hela za Cayenne mkononi na China inaita, mngelitoa lile gari au mngeliacha? Na mngeliweka paa juu au chini?

Naomba kuwasilisha.